NYUMBA NI CHUO CHA KWANZA
Khutba ya Ijumaa juu ya wajibu wa mzazi katika masomo ya mtoto mdogo

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui lolote, akampa masikio, macho na moyo ili apate kujua na kushukuru. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, mwalimu mpole wa wakubwa na wadogo, pamoja na ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mlioketi msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa redio, twajiusia sisi wenyewe na twakuusieni nanyi kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuzitunza amana. Leo tutazungumza juu ya amana moja ambayo inapita mbele ya macho yetu kila siku, nasi hatuioni. Nayo ni yule mtoto mdogo anayetoka nyumbani alfajiri na daftari mkononi, akarudi mchana, akaliweka daftari lile juu ya kabati au chini ya kitanda, wala asiulizwe na mtu yeyote: mwanangu, leo umepata nini?

Wazazi wengi wakimkuta mtoto hajui kusoma humlaumu mwalimu. Wengine humlaumu mtoto mwenyewe, wakasema kichwa chake kizito. Wachache sana hujiuliza: na mimi je, nimefanya nini nyumbani kwangu? Swali hili ndilo tunalotaka kulijibu leo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga: mwanamume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mwanamke ataulizwa juu ya nyumba ya mumewe na watoto wake. Hapa hatukutajiwa mwalimu wa shule peke yake, wala maalimu wa chuoni peke yake. Tumetajwa baba na mama. Mchunga aliyempa jirani ng'ombe zake amchungie mchana hawezi kusema kwamba usiku nao si juu yake. Jioni atawahesabu, atatazama yupi anachechemea, na yupi hakushiba. Shule nayo imepokea mtoto wetu kwa saa chache za mchana, lakini jioni hesabu ni yetu.

NJIA YA MISAFARA

Ndugu zetu, sisi tuliolelewa Tabora na katika vijiji vya Unyanyembe tunakaa juu ya njia kongwe. Kabla ya gari la moshi kufika hapa mwaka 1912, watu walikwenda kwa miguu. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya ziwa Tanganyika; mwendo wa kilomita kama 1,200. Miembe mikubwa ambayo twapumzika chini yake hadi leo ni alama ya safari zile. Kwa njia hiyo zilikuja bidhaa, ikaja lugha ya Kiswahili, yakaja maandishi, na ikaja dini yetu. Wala tusifiche lililokuwa ovu: kwa njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, watoto wakatengwa na mama zao. Mwenye kukumbuka mema ya njia ile na ayakumbuke na mabaya yake, ili ajue thamani ya mtoto aliye huru, aliyelala kwake salama, na mlango wa elimu uko wazi mbele yake.

Tunayo mafunzo mawili ya kuchukua kwa wapagazi wa Kinyamwezi, ambao sifa yao ilienea mpaka pwani.

La kwanza ni juu ya mzigo. Mpagazi mzima alibeba frasila mbili, yaani ratili kama 70, ambazo ni kilo 32 hivi. Lakini hapana mtu aliyeamka siku moja akabebeshwa frasila mbili. Wavulana walifuatana na baba zao, wakapewa mzigo mdogo, pengine kipande kidogo cha pembe, bega likazoea kidogo kidogo. Baba hakumwambia mwanawe: nenda ukajifunze kubeba, nitakuona ukirudi. Walikwenda pamoja.

La pili ni juu ya mwendo. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu hivi. Ingetazamwa yote kwa mara moja, moyo ungevunjika. Kwa hivyo waliikata vipande vipande: waliondoka mapema asubuhi, wakaenda saa chache, jua likipanda wakapiga kambi. Kesho wakaamka tena. Aliyekwenda kidogo kila siku alifika. Na aliyetaka kukimbia siku moja akalala siku tano alibaki njiani.

Masomo ya mtoto ni safari ya namna hiyo. Mzigo wake uwe mdogo, mwendo wake uwe wa kila siku, na mzazi awe pamoja naye njiani.

MLANGO UMEFUNGULIWA

Zamani wazee wetu walikuwa na udhuru. Shule zilikuwa chache. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, mwanzoni iliwalenga wana wa machifu. Shule nyingine nyingi zilikuwa za misheni, na wazee Waislamu walichelea kwamba mtoto angeingia na dini moja akatoka na nyingine. Hatuwacheki wazee wale, kwa maana walikuwa wakilinda kilicho bora kwao. Lakini udhuru ule umekwisha. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ikafutwa. Na mwaka 2016 elimu ikaanza kutolewa bila ada mpaka kidato cha nne. Leo mwana wa chifu na mwana wa mchimba kisima huketi dawati moja.

Hata hivyo, kuingia mlangoni si kufika ndani. Mwaka 2010 asasi ya Uwezo iliwapima watoto wa Tanzania majumbani mwao. Ilionekana kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, watatu hivi tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo sababu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa zaidi kwenye zile K tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Serikali ilifanya lililo lake. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake, akitaka kumsikiliza kila mmoja asome kwa dakika moja tu, kipindi kitakwisha hajafika nusu. Nani basi atamsikiliza mtoto huyu mmoja? Ni sisi, ambao hatuna themanini nyumbani.

MZEE ALIYETAKA KOMBE

Tutakupeni kisa, kwa sababu kinatuhusu sisi wenyewe. Siku moja baada ya Sala ya Alasiri alitujia mzee mmoja mkulima wa tumbaku, amemshika mkono mwanawe wa darasa la tatu. Akasema: "Maalimu, kijana huyu shule imemshinda. Nimempiga, hakufaa kitu. Naomba umwandikie kombe, anywe, kichwa kifunguke."

Tukamwambia dua tutaomba, kwani kila jambo li mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini kwanza tukamtaka mtoto afungue kitabu chake cha Kiswahili, atusomee. Akasoma ukurasa mzima bila ya kukwama. Mzee akashangaa. Tukatazama vizuri, tukaona macho ya mtoto hayakuwa juu ya maandishi. Yalikuwa juu ya picha. Tukaiziba picha kwa kiganja, tukamwonyesha neno moja la katikati. Akanyamaza. Akainama. Alikuwa ameyahifadhi maneno yote kwa kuwasikia wenzake, wala herufi hazijui.

Hapo aibu ikatushika sisi kabla ya baba yake. Kwa maana mtoto yule alikuwa mwanafunzi wetu chuoni, na mara nyingi tulimsifu mbele ya wenzake kwa kuhifadhi sura fupi. Hatukumwonyesha hata siku moja herufi katikati ya aya tukamwuliza hii ni nini. Sikio lake lilikuwa hodari, likaficha udhaifu wa jicho lake, nasi tukadanganyika miaka miwili.

Tukamwuliza mzee: "Jioni nani huketi naye?" Akajibu: "Mimi sijui kusoma, maalimu. Nitaketi naye nifanye nini?" Tukamwuliza: "Msimu wa kuchuma tumbaku alikwenda shule siku ngapi?" Akatazama chini.

Ndugu zetu, mzee yule hakuwa mzazi mbaya. Alikuwa ametembea mwendo mrefu kwa ajili ya mwanawe. Alichokosa ni kujua kwamba yeye mwenyewe, kwa hali yake ile ile ya kutojua kusoma, alikuwa na jambo la kufanya.

ASIYEJUA KUSOMA AFANYE NINI

Yatupasa tulieleze hili vizuri, kwa maana ndilo linalowavunja moyo wazazi wengi. Tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Hakuwa msomaji wa maandishi, wala hakuandika kwa mkono wake. Na juu ya hayo, neno la kwanza aliloteremshiwa lilikuwa amri ya kusoma. Baada ya vita vya Badri walikuwako mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Imepokewa kwamba Mtume alifanya fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Tazameni: yeye haandiki, na waandishi wenyewe ni maadui zake wa jana. Hakusema mimi sijui, basi na watoto wasijue. Alitafuta mwenye kujua, akamweka mbele ya watoto, akahakikisha kazi imefanyika.

Basi mzazi asiyejua kusoma ana mambo matano anayoyaweza.

Kwanza, aulize. Kila siku amwulize mtoto: leo mmejifunza nini? Asikubali jibu la "hakuna". Mtoto akieleza alichofundishwa, katika kueleza kwake atakifahamu mara ya pili. Na akishindwa kueleza, ameonyesha mahali pa kusaidiwa.

Pili, alitazame daftari. Haihitaji elimu kuona kama ukurasa una tarehe, kama kuna alama ya vema au ya kosa, na kama daftari lililonunuliwa mwezi uliopita bado ni jeupe.

Tatu, amtake mtoto amsomee kwa sauti, kidole kikifuata neno. Mzazi aangalie kidole na macho. Kidole kikitangulia mdomo, au macho yakiwa kwenye picha, amrudishe taratibu. Mara nyingine amwoneshe neno la katikati na kumwuliza ni lipi.

Nne, atafute msaidizi. Kaka, dada, binti wa jirani wa darasa la sita, au mwanafunzi wa sekondari aliyekuja likizo, kila mmoja anaweza kuketi na mdogo. Mwenye kufundisha naye hupata thawabu, na masomo yake mwenyewe humkaa zaidi.

Tano, aende shuleni kabla ya kuitwa. Amwambie mwalimu: huyu ni mwanangu, nieleze anakwama wapi. Mwalimu ambaye amemjua mzazi humjua na mtoto.

DAKIKA CHACHE BAADA YA MAGHARIBI

Dini yetu imekwisha tugawia siku kwa sala tano. Haituhitaji kutafuta ratiba nyingine. Mtoto akitoka shule ale, apumzike, acheze. Kisha ni wakati wa chuo. Baada ya Sala ya Magharibi, ambapo watu wa nyumba wamekusanyika, zitengwe dakika kumi na tano kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Zinatosha. Mtoto mdogo akikalishwa saa nzima, nusu ya kwanza atasoma na nusu ya pili atachukia kusoma. Lakini ziwe za kila siku, na redio izimwe, na simu iwekwe mbali, na taa bora ya nyumba iwekwe alipo yeye.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake kikubwa cha Ihyaa kwamba mtoto akisharudi kutoka chuoni yafaa aachiwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa kuwa kumzuia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huua moyo wake na kuizima akili yake. Hayo yamesemwa na mwanachuoni mkubwa, si na mzazi mlegevu.

Katika kusoma, Kiswahili kina fadhila kubwa: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizishika irabu tano, kisha akaziunganisha na herufi moja moja, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, amepata ufunguo wa maneno mengi sana. Aanze na maneno ya vitu vilivyo mbele yake: meza, sahani, kuku, embe, maji. Aandike kwa mkaa juu ya ubao, au kwa kijiti mchangani uani. Mchanga hauna gharama. Baadaye aingie katika sauti zilizo ngumu, mfano wa ng'ombe, nyuki, njia na thelathini.

Wengi wetu tunazungumza Kinyamwezi nyumbani, na baadhi ya wazazi hudhani kwamba lugha hiyo inamzuia mtoto kujua Kiswahili, wakamkataza. Hili si sawa. Mtoto huenda akachanganya l na r kwa muda, nawe msahihishe kwa upole. Lakini hadithi aliyoisimuliwa na bibi yake kwa Kinyamwezi, akajua mwanzo wake na mwisho wake, na sababu ya sungura kufanya alivyofanya, imemfunza kufuata maana ya maneno. Na kufuata maana ndiko kusoma kwenyewe. Mtoto asiyezungumzishwa kwa lugha yoyote ndiye mwenye hasara.

Na hesabu ziko kila upande. Bao la kete lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne: mtoto azihesabu, azigawe sawa kwa watu wawili. Mama anapopima mchele, mtoto ajue kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Inapofika zakati ya fitri, badala ya baba kuhesabu peke yake, amwulize mtoto: sisi tu wangapi humu ndani, na kila mtu pishi moja, jumla yake ni ngapi? Hapo amefundishwa hesabu na dini kwa mara moja. Akitumwa dukani, aeleze kabla ya kwenda ni kiasi gani kitarudi.

KAZI, HAKI NA FIMBO

Yako mambo matatu ambayo hapana budi kuyasema, hata yakituchoma.

La kwanza ni kazi za shamba. Mtoto kumsaidia mzazi ni katika adabu njema, wala hatusemi akae kama mgeni. Lakini kazi ina wakati wake na kipimo chake. Katika mkoa wetu tumbaku inapoanza kuchumwa, madawati hubaki matupu. Mtoto anayekosa wiki tatu hapotezi wiki tatu tu. Anaporudi wenzake wameshavuka mto, naye yuko ng'ambo, haelewi wanachosema, na kila siku umbali unazidi. Tena tumbaku si kama mahindi. Utomvu wa majani yake mabichi hupenya katika ngozi, ukaleta kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Na mwili mdogo hudhurika upesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari, na kabla ya sheria hiyo dini yetu ilikwisha kataza kudhuru.

La pili ni haki baina ya watoto. Jioni mvulana huambiwa: nenda ukasome. Na dada yake? Huambiwa akateke maji, akawashe moto, akambebe mdogo, akaoshe vyombo. Na anapomaliza, taa imezimwa. Kisha akishindwa mtihani tunasema wasichana hawana akili ya shule. Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia zawadi ambayo baba alimpa mtoto mmoja akawaacha wengine, akaamrisha kumcha Mwenyezi Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Wakati wa kusoma nao ni zawadi. Na imepokewa na Abu Daud kwamba bibi Shifaa binti Abdillah alimfundisha kuandika bibi Hafsa, mke wa Mtume, naye Mtume mwenyewe akijua hayo na kuyapenda. Kazi za nyumbani zigawanywe: kaka ateke maji, dada asome; kesho wabadilishane.

La tatu ni fimbo. Wengi wetu tumesomeshwa kwa bakora, na baadhi yetu tumeishika bakora hiyo sisi wenyewe. Lakini Anas bin Malik (Mwenyezi Mungu amwie radhi), aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, ameeleza kwamba katika miaka yote hiyo hakuambiwa na Mtume hata neno la kuguna. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameandika kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa walio wadogo, huwaondolea uchangamfu na kuwafundisha uongo na hila. Mtoto wa kisa chetu alijifunza kuhifadhi ukurasa ili asipigwe. Fimbo ilimfundisha kuficha, haikumfundisha kusoma. Mtoto anayekosea mbele yako amekuamini. Ukimpiga kwa kosa lile, kesho atakosea mahali usipomwona.

Tunayasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu zetu, pengine mtapenda kujua habari ya yule mzee na mwanawe. Kombe hatukuandika. Tulipatana mambo mawili. Sisi tulianza naye chuoni upya, kutoka alifu, tukimwonyesha herufi pasipo kumwimbia. Baba yake naye aliahidi kwamba kila baada ya Magharibi mtoto atamsomea, na kwamba msimu ujao hatamtoa shule. Hapakuwa na muujiza. Mwezi wa kwanza mtoto alilia mara nyingi, kwani ni jambo zito kwa aliyezoea kusifiwa kuonekana hajui. Mwezi wa tatu alisoma maneno mafupi. Msimu wa maembe ulipofika alikuwa anasoma mstari mzima, polepole, kidole kikiburura.

Kisha baba yake akatujia tena, safari hii peke yake. Alikuwa na stakabadhi ya mizani ya tumbaku, ile ambayo miaka yote aliitilia dole gumba bila ya kujua imeandikwa nini. Akasema: "Maalimu, kijana amenisomea kilo zangu na bei yangu. Na hili hapa," akagusa kwa kidole, "kaniambia ni jina langu. Sasa nalijua likoje." Hatukuwa na neno la kumjibu isipokuwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Mtu aliyeketi usiku baada ya usiku kumsikiliza mwanawe alikuwa amejifunza naye.

Basi tuondoke hapa na azma moja. Usiku wa leo, baada ya Magharibi, kila mwenye mtoto mdogo amwite karibu, amkalishe, na kusema: nisomee. Akisoma vizuri, amwombee. Akikwama, asimkemee, ajue kwamba amepata pa kuanzia. Na kesho arudie. Walionenda njia hii kabla yetu walifika kwa hatua za kila siku.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa. Wabariki watoto wetu, wa kiume na wa kike, uwafungulie vifua vyao wafahamu, na ndimi zao zisome. Walipe kheri walimu wao wa shuleni na wa chuoni, uwape subira juu ya wingi wa kazi yao. Warehemu wazee wetu waliotutangulia, na wale waliopitishwa katika njia hii kwa dhuluma, ambao hapana aliyewaandikia majina yao. Utujaalie sisi wazazi tuwe wapole bila ya kulegea, na wenye bidii bila ya ukali, na siku tutakapoulizwa juu ya amana hii tuwe na la kujibu.

Amin.